Mashine ya Kufulia Inapotikisika Wakati wa Kukamua: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Mashine ya kufulia inapofua na kusuuza kwa utulivu, kisha ikaanza kurukaruka na kusogea mara tu inapofika hatua ya kukamua, wenye nyumba wengi hukimbilia kumpigia fundi simu, na baadhi ya mafundi nao hukimbilia kutaja kipuri. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Unaanza na mambo yasiyogharimu chochote, yaani nguo zilivyokaa ndani ya pipa, bolti za safari, na sakafu ambayo mashine imesimama juu yake, halafu ndipo unaingia kwenye shokapu, springi na beringi. Sababu ya kufuata mpangilio huo haiishii kwenye kuokoa fedha: shokapu mpya ikifungwa kwenye mashine iliyosimama kwa miguu mitatu itachakaa kama ile ya zamani, na mwenye mashine ataamini kwamba aliuziwa kipuri bandia.

Maelezo mengi yanahusu mashine ya otomatiki yenye mlango wa mbele, kwa kuwa ndiyo inayokamua kwa kasi kubwa na ndiyo yenye vitu vingi vya kukaguliwa. Mashine ya mfuniko wa juu na ile ya mapipa mawili zina sehemu yake mbele, ingawa wenye mashine hizo nao wasiruke hatua za nguo na sakafu.

Kwa nini mtikiso huja wakati wa kukamua

Pipa la ndani, lile lenye matundu, limo ndani ya tangi la plastiki linaloshika maji, na tangi hilo halijafungwa moja kwa moja kwenye bodi, yaani sanduku la nje la mashine. Huning'inia kwa springi juu, hushikwa na shokapu chini, na hubebeshwa mawe ya zege ili liwe zito na lisiyumbe ovyo. Mawe hayo ndiyo yanayofanya mashine ndogo iwe na uzito wa kilo 60 au 70.

Wakati wa kufua, pipa huzunguka mara 50 hivi kwa dakika. Wakati wa kukamua huzunguka mara 1,000 hadi 1,400 kwa dakika, na nguvu inayotokana na uzito uliokaa upande mmoja haiongezeki sambamba na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukua pipa lenye upana wa sentimita 48, na ndani yake kuna nusu kilo tu ya nguo mbichi iliyobaki upande mmoja bila kitu cha kuilinganisha upande wa pili. Kwa kasi ya kufua, nusu kilo hiyo huvuta ukuta wa pipa kwa nguvu isiyofikia nusu kilo, na hakuna anayeisikia. Kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, nusu kilo hiyo hiyo huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 190, na huvuta kila upande mara 20 katika kila sekunde. Mashine yenye uzito wa kilo 65 haiwezi kutulia mahali pake chini ya nguvu ya namna hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo humsaidia sana anayetafuta chanzo. Tangi linaloning'inia lina kasi yake ya chini ambayo likiifikia hucheza kuliko kawaida, na mashine hulazimika kuipita kila inapopanda kwenda kwenye kasi ya juu na kila inapoteremka. Kwa hiyo mtikiso mfupi wa sekunde chache mwanzoni na mwishoni mwa kukamua, ambao hutulia kasi inapopanda, ni jambo la kawaida hata kwenye mashine mpya. Mtikiso unaozidi kadiri kasi inavyopanda huelekeza kwenye nguo, miguu au sakafu. Tangi likigonga bodi kwa kishindo kizito wakati kasi bado ni ndogo, shuku shokapu au springi. Na mtikiso ukiambatana na mngurumo unaopanda pamoja na kasi, beringi ndizo za kuchunguzwa. Sikiliza mzunguko mmoja mzima wa kukamua ukiwa umesimama kando, kabla hujagusa kitu chochote.

Usalama kabla ya kuanza

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi. Funga bomba la maji. Usijaribu kulazimisha mlango wakati pipa linazunguka, na kwenye mashine ya mapipa mawili usitie mkono ndani ya pipa la kukamulia hata likizunguka polepole, kwa kuwa nguo iliyojiviringisha mkononi inaweza kuvunja kiungo. Kuilaza au kuiinamisha mashine ni kazi ya watu wawili.

Endapo unapoigusa bodi unahisi umeme unakutekenya, acha kuitumia siku hiyo hiyo na uite fundi wa umeme akague waya wa ardhi na nyaya za ndani. Mtikiso wa muda mrefu husugua nyaya kwenye kingo za bati hadi zikachubuka, na mashine nyingi za nyumbani kwetu zimewekwa bafuni au uani, ambapo mtumiaji husimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji.

Hatua ya kwanza: nguo

Simamisha mashine, subiri mlango ujifungue, na utazame nguo zilivyokaa kabla ya kuzivuruga. Mara nyingi jibu liko hapo. Utaona bonge moja limejikunja upande wa chini, huku sehemu iliyobaki ya pipa ikiwa tupu.

Kitu kimoja kizito kikiwa peke yake ndicho kisa cha kawaida zaidi. Blanketi zito, zulia dogo la bafuni, taulo kubwa moja au suruali mbili za jinzi hunyonya maji mengi na hazina kitu cha kuzilinganisha upande wa pili. Watu hudhani kwamba wakifua kidogo wanaipunguzia mashine kazi, kumbe wakati wa kukamua mzigo mdogo mno huwa mgumu kusambaa kuliko mzigo wa wastani. Ongeza taulo mbili au tatu za ukubwa unaofanana ili pipa lipate cha kusambaza. Upande wa pili, pipa lililoshindiliwa hadi juu halizipi nguo nafasi ya kujipanga upya. Kipimo kinachofaa ni kujaza robo tatu ya pipa, ambapo kiganja chako hupita kwa urahisi kati ya nguo na dari ya pipa, na ukumbuke kwamba kilo 7 au 8 zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu.

Foronya ya duveti nayo ina tabia yake: mdomo hubaki wazi, soksi na chupi huingia ndani moja baada ya nyingine, na mwishowe nguo zote huwa fuko moja lenye maji. Funga vifungo vyake kabla ya kuifua. Kanga, vitenge na mitandio mirefu husokotana kuwa kamba, na kamba hiyo huzifunga nguo nyingine. Ni vyema zichanganywe na nguo fupi na zisiwe nyingi kwa wakati mmoja. Chandarua hakifai kabisa kuingizwa humo. Husokotana, huchanika, na chenye dawa hupoteza dawa yake upesi, hivyo kifuliwe kwa mkono taratibu na kuanikwa kivulini.

Kundi linalohitaji tahadhari ya pekee ni la vitu visivyopitisha maji: makoti ya mvua, vifuniko vya godoro vya plastiki, turubai jepesi. Kitu cha namna hiyo hukusanya lita kadhaa za maji kama mfuko, maji hayo hushindwa kutoka, kisha mfuko hupasuka au kuhama ghafla pipa likiwa kwenye kasi ya juu. Mwezi Novemba 2016, nchini Marekani, Samsung ilitangaza mwito wa usalama kwa mashine zipatazo milioni 2.8 za mfuniko wa juu kwa sababu mtikiso mkubwa ungeweza kuung'oa mfuniko wake, na hatari hiyo ilihusishwa hasa na kukamua matandiko, nguo nene na vitu visivyopitisha maji kwa kasi kubwa. Vitu hivyo vifuliwe kwa mkono na kuning'inizwa vichuruzike.

Baada ya kuzitenganisha nguo, zisambaze kuzunguka pipa na uanzishe programu ya kukamua pekee. Mashine za kisasa hupima zenyewe kama mzigo umelingana: hulizungusha pipa polepole huku na huku, hujaribu tena na tena, na zikishindwa husimama na kuonyesha alama. Kwenye mashine za LG alama hiyo ni UE, na kwenye za Samsung ni Ub au UE. Alama ikitokea mara moja baada ya kufua blanketi, mashine imefanya kazi yake sawasawa. Ikijitokeza kila siku kwa nguo za kawaida, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: kamua bila nguo

Toa nguo zote, hakikisha pipa ni tupu, kisha anzisha kukamua kwa kasi ya kati na baadaye kwa kasi ya juu. Jaribio hili huchukua dakika chache na hutenganisha matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. Mashine ikitikisika ikiwa tupu, nguo hazina kosa, na chanzo kiko kwenye bolti za safari, miguu, sakafu au ndani ya mashine yenyewe. Ikitulia kabisa, chanzo huenda ni upangaji wa nguo, lakini usifunge shauri hapo: shokapu zilizochoka zinaweza kulivumilia pipa tupu na kushindwa mara tu linapowekwa mzigo. Kwa hiyo rudia jaribio ukiwa na taulo nne au tano zilizolowa na kusambazwa vizuri. Zikisambaa vizuri na bado tangi likagonga bodi, jiandae kufika hatua ya sita.

Hatua ya tatu: bolti za safari

Mashine ya mlango wa mbele hutoka kiwandani ikiwa na bolti, kwa kawaida tatu au nne, zilizopenya mgongoni na kulikaza tangi lisicheze njiani. Zikiachwa mahali pake, tangi na bodi huwa kitu kimoja, springi na shokapu hazifanyi kazi yoyote, na mtikiso wote huenda moja kwa moja sakafuni. Kishindo chake ni kikubwa na huanza tangu siku ya kwanza. Hutokea mara nyingi pale ambapo mashine imeletwa na dereva wa pikapu ambaye kazi yake ni kushusha mzigo, na mwenye nyumba akaunganisha maji na umeme bila kugeuza mashine atazame nyuma.

Tazama mgongoni. Vichwa vya bolti huonekana wazi, vikiwa na bushi za plastiki au mpira. Zilegeze kwa spana namba 10, 12 au 13 kutegemea mashine, kisha vuta bolti pamoja na bushi yake, kwa kuwa bushi ikibaki ndani itaendelea kugongana na tangi. Ziba matundu kwa vifuniko vya plastiki vilivyokuja na mashine, ili panya na mende wasipate njia. Bolti zenyewe zitie kwenye mfuko na uzihifadhi, kwani utazihitaji siku ya kuhama.

Mashine ya mtumba huwa na kisa kinyume. Imesafirishwa ndani ya kontena bila bolti, tangi likapigwa huku na huku njia nzima, na inapofika dukani springi imeshachomoka kwenye ndoano yake au shokapu imepinda. Anayenunua mtumba asikubali kuona taa zikiwaka tu. Aombe mashine ikamue mbele yake, ikiwa na nguo mbichi ndani.

Hatua ya nne: sakafu na miguu

Ningeshauri utumie muda mwingi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nyumba zetu nyingi hazikujengwa zikiwa na nafasi ya mashine ya kufulia. Mashine huishia bafuni, uani, kwenye varanda au jikoni karibu na sinki. Sakafu ya bafuni imemwagwa kwa makusudi ikiwa na mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, na mteremko huo huo huiweka mashine upande.

Anza kwa kushika pembe mbili za juu zinazotazamana kimshazari na kuzisukuma chini kwa zamu. Mashine isicheze hata kidogo. Ikicheza, kuna mguu usiogusa sakafu vizuri, na mguu huo ndio unaopiga ngoma wakati wa kukamua. Kisha weka pima maji juu ya bodi, kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka mbele kwenda nyuma. Usipokuwa na pima maji ya fundi ujenzi, simu nyingi zina programu yake. Sahani bapa yenye maji kidogo pia itakuonyesha upande unaozama.

Kila mguu una uzi wa kuzungushwa na nati ya kukazia. Legeza nati kwanza, inua mashine kidogo kwa msaada wa mtu wa pili, na uzungushe mguu kwa mkono au kwa spana hadi pima maji itulie katikati. Miguu iwe mifupi kadiri inavyowezekana, kwani mguu uliotolewa nje sana huyumba. Baada ya hapo kaza nati kuelekea juu hadi ibane bodi. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahauliwa, na matokeo yake ni kwamba mashine hukaa sawa kwa wiki mbili kisha mtikiso wenyewe unaizungusha miguu na kuirudisha kule kule. Baadhi ya mashine zina miguu ya nyuma isiyorekebishwa. Hapo kazi yote hufanywa kwa miguu ya mbele.

Usiweke kipande cha mbao, kadibodi iliyokunjwa au sandali ya zamani chini ya mguu. Kadibodi hulowa na kubonyea, na mbao huteleza polepole hadi ikatoka. Stendi ya chuma au plastiki yenye magurudumu, ile inayouzwa kwa ajili ya friji, siipendekezi hata kwa siku moja chini ya mashine inayokamua. Kipande kinachotanuka cha stendi hiyo hunesa, magurudumu yana nafasi kwenye ekseli zake, na hata yakifungwa breki bado mashine nzima imesimama juu ya kitu chenye kuchezacheza. Nimeona mashine zilizolaumiwa kwa miezi zikatulia siku ile ile stendi ilipoondolewa.

Sakafu ya vigae nayo ina mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni utelezi: kigae chenye maji ya sabuni hakiushikilii mguu, na mashine iliyo sawa kabisa inaweza kutembea. Safisha na ukaushe sakafu na nyayo za miguu, kisha weka vikalio vya mpira mgumu vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyote vinne kwa unene mmoja. Mpira laini mno huongeza kunesa, hivyo godoro la sponji halifai. La pili ni vigae vilivyobandikwa bila saruji ya kutosha chini yake. Gonga kwa sarafu mahali pa kila mguu, na ukisikia sauti ya uwazi, ujue kigae hicho kitapasuka na mguu huo utazama.

Pale mteremko ulipo mkubwa kuliko urefu wa miguu, suluhisho la kudumu ni kumwaga jukwaa dogo la zege lililosawazishwa kwa pima maji, lipite bodi sentimita chache kila upande, likiwa na ukingo mdogo wa mbele wa kuzuia mashine isiteleze. Liache likauke na kukomaa kwa siku zisizopungua saba, ukilimwagilia maji kila siku, kabla ya kuliwekea mashine. Jukwaa hilo pia huiokoa bati ya chini na maji yanayosimama, faida kubwa kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko pwani, ambako chumvi ya hewani hula miguu na vitako vya springi kabla ya wakati wake.

Hatua ya tano: povu na maji yasiyotoka

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na povu hilo hujaa kati ya pipa na tangi, hulizuia pipa lisifike kasi yake na huziacha nguo zikiwa nzito kwa maji. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kwa kipimo chake. Fungua pia kifuniko kidogo cha chini mbele, weka beseni, toa maji, na usafishe chujio, kwani likiziba maji hayatoki. Humo hukaa sarafu, vifungo, pini za nywele na waya za sidiria. Waya wa sidiria uliopenya matundu ya pipa husugua tangi na kutoa sauti ambayo wengi huidhania kuwa ni beringi.

Hatua ya sita: shokapu na springi

Fungua mlango, weka mikono yako kwenye ukingo wa juu wa pipa, lisukume chini kwa uzito wako kisha uliachie. Tangi lenye shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia. Likipanda, likashuka, likapanda tena mara mbili au tatu, shokapu zimekwisha. Sukuma pia kushoto na kulia. Tangi lisiguse bodi kirahisi.

Ili kuziona, vua bati la mgongoni, au ilaze mashine kwa ubavu juu ya blanketi baada ya kutoa maji yote. Shokapu za mashine ya kufulia kwa kawaida hazina mafuta ndani. Ndani ya mrija kuna kipande cha sponji kilichopakwa grisi maalumu, na msuguano wa sponji hiyo ndio unaozuia mchezo. Chomoa pini ya chini ya kila shokapu na uivute kwa mkono. Nzima hukataa kwa nguvu sawa mwendo wote, kwenda na kurudi. Iliyokwisha huteleza kama pampu ya baiskeli iliyopoteza wacha yake. Usijaribu kuipaka grisi ya gari, kwani huua msuguano ule ule unaohitajika.

Badilisha zote kwa pamoja hata kama moja tu ndiyo mbovu, la sivyo tangi litavutwa upande mmoja. Unapokwenda kununua, chukua namba ya modeli kwenye bamba lililo ndani ya mlango au mgongoni, na ubebe shokapu ya zamani. Urefu na upana wa tundu la pini vilingane, na pia nguvu yake, ambayo huchapwa kwenye mrija kama namba ikifuatiwa na herufi N, mfano 80N au 120N. Shokapu yenye nguvu kupita kiasi hupeleka mtikiso kwenye bodi badala ya kuumeza.

Ukiwa ndani, tazama juu kama springi zote zimo kwenye ndoano zake na kama zina urefu sawa. Shika kila jiwe la zege na ulitikise. Bolti yake ikilegea, jiwe hugonga kwa kishindo cha kutisha, ilhali tiba yake ni kukaza bolti tu. Jiwe lililopasuka sharti libadilishwe.

Mashine ya mfuniko wa juu

Hapa tangi huning'inia kwa fimbo nne zenye springi, moja kila pembe. Sukuma tangi chini kila pembe kwa zamu: pembe inayokwenda chini kirahisi kuliko nyingine ndiyo yenye fimbo iliyochoka, na fimbo hubadilishwa nne kwa mpigo. Juu ya pipa kuna pete ya plastiki iliyojaa maji ya chumvi, ambayo hukimbilia upande usio na nguo na kulisawazisha pipa lenyewe wakati wa kukamua. Pete ikipasuka na kuvuja, mashine hutikisika hata ikiwa tupu na miguu ikiwa sawa, na hapo haina budi kubadilishwa.

Mashine ya mapipa mawili

Kwenye mashine hii mtumiaji ndiye anayepanga mzigo kwa mkono wake, kwa hiyo mitikiso mingi hutoka hapo. Jaza pipa la kukamulia kwa tabaka, ukizungusha nguo ukutani sawasawa, ukizishindilia kwa kiganja ili zisiache uwazi katikati, kisha weka kile kisahani cha plastiki cha kubana nguo juu yake. Kisahani hicho hupotea katika nyumba nyingi, na kikipotea kipande cha nguo hunyanyuka na kunasa kwenye ukingo. Hakikisha mpira wa kutolea maji umelala chini, kwa kuwa ukiinuliwa maji hubaki kwenye kitako cha pipa.

Mtikiso ukibaki, vua bati la nyuma ukiwa umechomoa plagi, na usiguse miguu ya kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme wa mota, maana hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mota ya kukamua hukaa juu ya springi tatu zenye mipira. Moja ikikatika, pipa huinama na kugonga. Kagua pia bolti za koplingi inayounganisha mota na shina la pipa. Umeme ukiwa mdogo, kama inavyotokea jioni katika baadhi ya mitaa, mota huchelewa kupanda na mashine hukaa muda mrefu kwenye ile kasi ya chini yenye mtikiso. Mashine inayotulia asubuhi na kusumbua usiku ipimiwe volti kabla ya kufunguliwa.

Beringi na msalaba wa pipa

Zungusha pipa tupu kwa mkono huku sikio likiwa karibu. Lizunguke kimya. Mkwaruzo au mngurumo ni dalili ya beringi zilizoingia maji baada ya sili, yaani mpira unaozuia maji, kuchoka, na mara nyingi utaona michirizi ya kutu ya kahawia nyuma ya tangi, chini ya puli ya mkanda. Kisha inua ukingo wa mbele wa pipa kwa vidole: pipa likicheza ilhali tangi limetulia, na ukasikia mgongano kwa nyuma, beringi zimekwisha. Mchezo ukiwa wa upande mmoja tu wa mzunguko, shuku msalaba wa aluminiamu wenye mikono mitatu unaolishika pipa kwa nyuma. Huliwa polepole na sabuni iliyozidi kipimo, na ukikatika mkono mmoja pipa linaweza kulipasua tangi. Mashine ya namna hiyo isikamue tena hata mara moja hadi itengenezwe.

Kazi hii mpe fundi mzoefu. Kabla ya kukubaliana bei, mwulize kama tangi la modeli yako linafunguka kwa bolti au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani, kwa sababu tangi lisilofunguka hulazimu ama kukatwa na kufungwa upya kwa bolti na silikoni, ama kununuliwa zima. Kwa mashine yenye umri mkubwa na bodi iliyoanza kuliwa na kutu, ningeweka fedha hizo kwenye mashine nyingine. Kwa yenye bodi nzima, sisitiza beringi zote mbili na sili zibadilishwe pamoja.

Kuirudisha kazini

Baada ya tengenezo lolote, kamua kwanza bila nguo, kisha kwa taulo zilizolowa, kwa kasi ya kati kabla ya kasi ya juu. Acha nafasi ya sentimita mbili au zaidi kati ya mashine na ukuta kila upande. Weka alama ya penseli sakafuni pembeni mwa miguu ya mbele. Ikiwa baada ya kufua mara kadhaa miguu imehama kutoka kwenye alama, rudi hatua ya nne na ukaze nati upya. Na siku ya kuhama, bolti za safari zirudishwe mahali pake kabla mashine haijapandishwa kwenye gari.